Ukishuka Benaco na mtoto, ulale wapi?

Basi la kutoka Dar es Salaam likichelewa kidogo njiani, hufika Benaco saa ambayo kila mtoto ameshalala mapajani mwa mzazi wake. Kondakta anawasha taa za ndani na kuita, "Wa Benaco! Wa Benaco mshuke na mizigo yenu!" Nje malori yamejipanga kando ya lami, mengine yakiunguruma. Muziki wa baa unasikika, harufu ya mishikaki inachanganyika na ya dizeli, na vijana wa bodaboda wameshalizunguka basi kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Mama, gesti ipo hapa hapa, hatua mbili tu. Njoo nikupeleke, mtoto asipigwe na baridi."

Mzazi aliyeshuka na mtoto begani, begi mkononi na usingizi machoni, hana nafasi ya kuchagua. Ataenda anakopelekwa. Ndiyo maana swali la kulala wapi Benaco linafaa kujibiwa nyumbani, siku kadhaa kabla tiketi haijakatwa.

Familia moja ya Dodoma ililijibu swali hilo Desemba, shule zilipofungwa. Baba alitaka kuwapeleka mke na watoto wake wawili kwa mama yake, kijijini Bushubi, upande wa Rulenge wilayani Ngara. Bibi alikuwa hajamwona mjukuu wake wa pili tangu azaliwe, na mtoto huyo alikuwa ametimiza miaka sita. Sababu ya kuchelewa ilijulikana na wote ingawa haikusemwa sana. Mtoto ana selimundu, na safari ndefu ilikuwa ikimwogopesha kila mtu.

Mpango wa baba ulikuwa rahisi. Wapande basi moja hadi Benaco, walale gesti iliyo jirani na stendi, asubuhi watafute gari la kijijini. Ni nafuu, ni karibu, na hakuna kubeba mizigo mara mbili. Mama alinyamaza, kisha akampigia simu wifi yake, mwalimu anayeishi Ngara mjini.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba, wifi yangu. Kaka amesema mnalala Benaco?"

"Ndivyo anavyotaka."

"Sikia, mimi sikatai. Benaco watu wanalala kila siku. Ila niambie, mtoto akiamka saa tisa usiku analia miguu, mtampeleka wapi, na mtapanda nini?"

Mama hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililobadilisha safari.

Mji uliozaliwa na barabara

Benaco iko kata ya Kasulo, wilayani Ngara mkoani Kagera, karibu na mahali ambapo njia kubwa zinaachana. Moja inashuka Rusumo kuingia Rwanda. Nyingine inapanda Ngara mjini na kuendelea hadi Kabanga, mpakani na Burundi. Nyingine inakwenda Karagwe. Ukitoka upande wa Kahama unapita Nyakanazi na Lusahunga, kisha Nyakahura iliyoko Biharamulo, ndipo unaingia Ngara. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilometa 92.

Jina lenyewe si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara katika eneo hilo. Kampuni ilimaliza kazi na kuondoka, jina likabaki. Leo biashara kubwa ya hapo ni kuwahudumia wapita njia, kuanzia madereva wa malori yanayotoa mizigo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo, hadi wafanyabiashara wa mazao na abiria wa mabasi.

Tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, abiria wengi zaidi hufika usiku wa manane. Wenyeji wa umri mkubwa bado wanakumbuka enzi ambazo mabasi ya njia hii yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi wa porini. Hali imebadilika sana, lakini tabia ya kuwahi kufika kabla giza halijaingia ni nzuri hata leo, hasa kwa mwenye watoto.

Kwa familia inayokwenda pande hizi, mahali pa kulala ni panne. Kila pamoja pana faida yake, na kila pamoja pana jambo ambalo mtoto atalilipia.

Benaco ya barabarani

Hapa ndipo gesti nyingi zilipo. Unashuka basi na kuingia ndani, chakula kipo hadi usiku, wakala wa kutoa fedha yuko mlangoni, na gari la asubuhi hulisubiri sana. Kwa kijana anayesafiri peke yake, hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi.

Kwa mzazi hesabu ni nyingine. Dereva wa lori anayetaka kuwahi mpakani huwasha injini saa kumi usiku na kuiacha ingurume. Baa hazifungi mapema. Mtoto mdogo hushtuka, akishtuka hulia, na wazazi wote wawili huamka asubuhi wakiwa wamechoka kuliko walivyolala.

Kubwa zaidi ni barabara yenyewe. Mtoto wa miaka minne aliyezoea uwanja wa nyumbani hajui kwamba hatua tano kutoka mlango wa gesti kuna lori la tani 30. Mzazi anayelala hapa achague chumba cha nyuma, chenye ua na geti linalofungwa, na asimtume mtoto dukani hata kama duka linaonekana kwa macho.

Benaco ya ndani

Ukiiacha lami na kuingia ndani kidogo, kelele hupungua haraka. Zipo nyumba za kulala wageni zilizo katikati ya makazi ya watu, ambako asubuhi unasikia jogoo na watoto wakienda shule. Watoto wanapata mahali pa kucheza na mama anaweza kuomba jiko la kupashia uji bila kuonekana msumbufu.

Kasoro yake ni kwamba taa za barabara ni chache, njia huwa na tope wakati wa mvua, na usiku wa manane usafiri haupatikani mpaka umpigie mtu simu. Mbu nao hufuata maji. Mzazi akague panapozunguka nyumba, kama kuna madimbwi, karo lililo wazi au shimo la tofali lililojaa maji ya mvua.

Hili la mbu lina uzito wake Kagera. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani watoto 8 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa na vimelea vya malaria. Kagera walikuwa kama 18 kati ya 100. Kwa familia inayotoka Dodoma, Arusha au Kilimanjaro, ambako malaria ni kidogo, huko ni kuingia kwenye mazingira tofauti kabisa.

Rusumo mpakani

Wenye safari ya Kigali huvutwa kulala Rusumo ili asubuhi wawe wa kwanza dirishani. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilizinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame, na tangu hapo abiria hahangaiki tena kupanga foleni mbili katika nchi mbili. Mandhari yake inavutia. Mto Kagera unapita chini ya daraja, na karibu yake kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mtoto mkubwa atafurahi kujifunza kwamba ng'ambo ya daraja magari hupita kulia. Mzazi naye akumbuke jambo hilohilo wanapovuka barabara kwa miguu, maana macho yaliyozoea kutazama kulia kwanza hukosea.

Kuna jambo lingine dogo ambalo limewaponza wengi. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa upande wa pili na saa ikajirudisha yenyewe. Alamu ya dawa iliyowekwa saa 12 asubuhi italia wakati kwa Tanzania ni saa 1, na basi la kurudi litakuwa limeondoka. Kwa mtoto mwenye dawa za kila siku, afadhali saa ya mkononi ya kawaida isiyojua mtandao.

Rusumo inafaa kwa anayevuka. Kwa anayekwenda vijiji vya Ngara ni kuzunguka bure.

Ngara mjini

Ngara uko juu mlimani, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Benaco. Ni mji mdogo wa ofisi za wilaya, soko, shule na makanisa. Usiku ni kimya. Malori yanayokwenda Burundi hupita, lakini hayajazani kama Benaco. Na jambo alilokuwa akilisema wifi kwenye simu liko hapa. Hospitali ya Murgwanza, ya Kanisa Anglikana, iko jirani na mji, na hospitali ya wilaya ya Nyamiaga nayo iko pande hizo. Anayeelekea Bushubi ana hospitali nyingine Rulenge, ya Kanisa Katoliki.

Tatizo la Ngara ni baridi. Usiku mtu wa Dodoma hutafuta koti, na alfajiri ukungu hukaa juu ya migomba hadi jua lipande. Hapo ndipo baba wa familia ile alipopata hoja yake. Kliniki waliambiwa tangu mwanzo kwamba mtoto wa selimundu asipigwe na baridi, asikose maji, asichoke sana, na asiumwe malaria, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuamsha maumivu makali. Sasa kwa nini wampandishe mlimani penye baridi wakati Benaco ni joto kiasi?

Ilikuwa hoja ya kweli, na mama hakuipuuza. Alichukua karatasi akaandika majina mawili, Benaco na Ngara. Chini ya kila moja akaandika kinachoweza kumdhuru mtoto, na mbele yake akaandika dawa ya hilo. Mbele ya baridi aliandika soksi, kofia, blanketi mbili na chupa ya maji ya moto. Mbele ya kelele hakupata cha kuandika. Mbele ya umbali wa hospitali usiku hakupata pia.

"Baridi nitaifunika," alimwambia mumewe. "Hiyo saa moja ya barabara usiku nitaifunika na nini?"

Somo la mwaka 1994

Swali la mama huyo si geni Benaco. Miaka zaidi ya 30 iliyopita liliulizwa hapo hapo, kwa haraka na kwa hofu, kwa ajili ya watu wengi kuliko anavyoweza kuwaza mtu.

Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24, wakiikimbia nchi iliyokuwa katikati ya mauaji ya kimbari na vita. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka namna ile. Walikuwemo kina mama wenye watoto mgongoni, wazee, na watoto waliopotezana na wazazi wao. Walipaswa kulala mahali usiku uleule.

Walipelekwa Benaco. Sababu mojawapo ilikuwa maji, kwani palikuwa na bwawa dogo. Palikuwa pia kando ya barabara kuu, hivyo malori ya chakula yangeweza kufika, na palikuwa mbali kiasi na mpaka. Mashirika ya misaada yalianza kusafisha na kusambaza maji, kuchimba vyoo na kuwachanja watoto surua. Kwa muda kambi ile ilikuwa na watu wengi kiasi kwamba ilisemwa ni kama mji wa pili kwa ukubwa Tanzania.

Miezi michache baadaye, Julai 1994, wimbi jingine kubwa zaidi liliingia Goma, mashariki mwa Zaire ya wakati ule. Huko ardhi ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ilikuwa kazi ngumu, na watu walichota maji ya ziwa yakiwa hayajatibiwa. Kipindupindu na kuhara damu viliwashukia, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 50,000. Benaco nako watu waliugua kuhara na wengine walikufa, lakini msiba wa kiwango cha Goma haukutokea. Sababu zilikuwa nyingi, idadi ya watu ikiwa mojawapo. Hata hivyo mahali palipochaguliwa, maji yake na udongo wake, vilikuwa sehemu ya jibu.

Wenyeji wa Kasulo nao walilipa gharama. Miti ilikatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki wazi, mashamba yakakanyagwa, na kina mama wakalazimika kutembea mbali zaidi kutafuta kuni. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Kambi za Warundi wilayani Ngara, kama Lukole, ziliendelea kwa miaka kadhaa baada ya hapo.

Msafiri wa leo anayepita na basi haoni hema hata moja. Lakini maswali yaliyoulizwa mwaka ule ndiyo yaleyale ya mzazi wa leo. Maji yako wapi? Choo kiko wapi? Mtoto akiugua usiku, anafikishwaje kwa daktari?

Waliamua hivi

Familia ya Dodoma iliigawa safari. Siku ya kwanza waliishia Kahama, mji mkubwa wenye gesti za kila bei na hospitali, wakalala mapema. Siku ya pili waliondoka asubuhi, wakapita Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi watoto wakiwa macho na wakihesabu malori. Benaco walifika mchana, wakashuka dakika 20 kununua ndizi na kwenda haja, kisha wakaendelea Ngara. Gharama iliongezeka kwa usiku mmoja wa gesti. Baba alilalamika mara moja tu.

Wifi hakuweza kuwalaza kwake. Anapanga chumba na sebule, na ana watoto wanne. Aliwatafutia gesti jirani, akaenda mwenyewe kuona chumba, akafungua bomba, akakunjua chandarua juu ya kitanda kuangalia kama kina tundu. Kilikuwa nacho. Alikwenda dukani akanunua kingine.

Usiku wa pili, saa tisa, mtoto aliamka analia miguu.

Mama alimpa maji na dawa ya maumivu aliyopewa kliniki, akampakata ndani ya blanketi. Baada ya nusu saa alipima joto, kipimo kikasoma 38.6. Hawakubishana. Walimpigia wifi, wifi akampigia jirani mwenye gari dogo, zile zinazoitwa mchomoko, na kabla ya saa kumi mtoto alikuwa kitandani hospitali akipimwa malaria, wingi wa damu na maambukizi. Malaria haikuwepo. Alilazwa, akawekewa maji na kuanzishiwa dawa.

Pengine yangetokea hata wangelala kwao Dodoma. Selimundu haimwulizi mtu yuko mji gani. Tofauti ilikuwa kwamba kati ya kipimo cha joto na daktari palikuwa na dakika chache za gari la jirani.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Mzazi anayepanga kupita Benaco, Ngara au Biharamulo apige simu gesti kabla ya safari. Maswali haya yanatosha.

Je, chumba kiko upande wa barabara au nyuma? Maji yanatoka bombani au ni ya ndoo, na yakikatika kuna akiba? Choo kiko ndani, au ni cha nje na usiku kuna taa? Chandarua kipo, na kinafunika kitanda chote mtoto akijigeuza? Geti linafungwa saa ngapi, na anayelifungua usiku analala wapi?

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na mhudumu mzuri halikasirikii: "Mtoto akiugua usiku huu, ni nani mwenye gari, na hospitali ni dakika ngapi?" Akijibu kwa jina na namba ya simu, hapo pana watu. Akijibu "tutaona", endelea kutafuta.

Kwa mtoto mwenye selimundu, pumu, kifafa au kisukari, kadi ya kliniki na dawa zake zikae kwenye begi dogo la mkononi. Zisiwekwe kwenye buti la basi. Mzazi amwone daktari wake kabla ya safari ili apate ushauri kuhusu kinga ya malaria na dawa za kutosha siku zote za safari na ziada kidogo. Njiani mtoto anywe maji mara kwa mara, hata kama maana yake ni kuomba basi lisimame.

Dalili za kutosubiri asubuhi ni homa ya nyuzi 38 na zaidi, kupumua kwa shida, viganja na midomo kuwa myeupe, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, au mkono na mguu kulegea upande mmoja.

Wapo pia wanaouliza kuhusu Marburg. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa huo wilayani Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa kuwa nao. Machi 13 mwaka huohuo mlipuko ulitangazwa kumalizika. Virusi hivyo huhifadhiwa na popo wanaokula matunda na wanaoishi mapangoni, na kutoka mtu hadi mtu huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu. Hakuna sababu ya kuahirisha harusi wala kumkwepa bibi. Zipo sababu za kutowapeleka watoto mapangoni, kuosha mikono kwa sabuni, na kuosha matunda kabla ya kula.

Safari haiishi mnaporudi

Mbu aliyeuma Benaco haonekani Benaco. Homa ya malaria huanza kwa kawaida baada ya siku saba au zaidi, mara nyingi kati ya siku 10 na 15. Wakati huo familia imesharudi mjini, sare zimepigwa pasi na kila mtu amesahau safari. Mtoto akichemka, wengi hudhani ni mafua au meno.

Mzazi ahesabu wiki nne tangu kurudi. Homa yoyote ndani ya siku hizo ipimwe siku hiyohiyo, na sentensi ya kwanza kwa mganga iwe, "Tumetoka Kagera." Katika mkoa wenye malaria kidogo sentensi hiyo inaweza kufupisha njia ya kufika kwenye kipimo sahihi.

Familia ya Dodoma haikufika Bushubi safari ile. Mtoto alikaa wodini siku tatu. Siku ya pili bibi alishuka kwenye gari la Rulenge akiwa na mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu na kanga mpya. Walimzuia kuku getini. Bibi aliingia wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaishika miguu ya mjukuu aliyemsubiri miaka sita na kuanza kuisugua polepole hadi mtoto akasinzia.

Nje kwenye benchi, baba alikuwa akiandika kitu kwenye simu. Ilikuwa namba ya jirani mwenye mchomoko. Hakuandika jina la mtu. Aliandika "Ngara usiku", akaihifadhi.